Mfugaji wa kuku aliyegharamia vita vya fikra

Katika Uingereza ya miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuku alikuwa kitoweo cha sikukuu. Nyama ilipatikana kwa kadi ya mgawo hadi Julai 1954, na familia ya kibarua ingeweza kuumaliza mwaka bila kuonja paja la kuku isipokuwa Krismasi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, kuku alikuwa nyama ya kawaida, na bei yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba hakuna aliyeshangaa kumkuta mezani siku ya Jumatano. Mmoja wa watu wachache walioleta mabadiliko hayo alikuwa mkulima wa Sussex, kusini mwa London, jina lake Antony Fisher.

Kuku peke yao wasingetosha kumfanya mtu huyu aandikiwe makala katika gazeti la Kiswahili. Kinachotuhusu ni matumizi ya faida aliyoipata. Mwaka 1955, biashara yake ikiwa ndiyo kwanza inashika kasi, Fisher alianzisha jijini London taasisi ya utafiti wa sera iliyoitwa Institute of Economic Affairs, kwa kifupi IEA. Kazi yake ilikuwa kuandika na kueneza hoja kwamba soko huria linawahudumia watu vizuri kuliko mipango ya serikali. Robo karne baadaye hoja hizo ziliingia namba 10 Downing Street, ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, pamoja na Margaret Thatcher. Kisha zikavuka bahari, na wasomaji wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigoma wamewahi kukutana nazo bila kujua zilikoanzia: walipoingia katika duka la kubadilisha fedha wakanunua dola bila kudaiwa kibali cha Benki Kuu, au walipokabidhiwa hati ya shamba chini ya mpango wa MKURABITA.

Naandika haya nikiamini kwamba kila fikra inayotutawala kuna mtu aliyeigharamia, na kwamba mwananchi ana haki ya kumjua. Fisher ni mfano bora kwa sababu maisha yake yanaonyesha hatua kwa hatua jinsi kazi hiyo inavyofanyika: fedha ilitoka wapi, nani aliajiriwa, ilichukua miaka mingapi.

Alizaliwa London tarehe 28 Juni 1915, katika familia ya watu wenye ardhi na jina. Baba yake hakuwahi kumjua vizuri, kwani aliuawa Gaza mwaka 1917 katika mapigano kati ya jeshi la Uingereza na Waturuki. Mama aliwalea Antony na mdogo wake Basil, ndugu wawili walioshibana, wakasoma Eton na baadaye Trinity, Cambridge. Wote wawili walijifunza urubani. Vita ilipopamba moto mwaka 1940 walikuwa skwadroni moja, namba 111, wakirusha ndege za Hurricane kutoka Croydon.

Tarehe 15 Agosti mwaka huo ndege ya Basil ilipigwa. Aliruka, lakini mwavuli wake ulishika moto, akafa. Waliouandika wasifu wa Antony wanasema aliyaona hayo kwa macho yake. Aliondolewa katika mapigano, na muda uliobaki wa vita aliutumia kubuni kifaa cha kuwafundishia marubani shabaha, kazi iliyompatia nishani ya jeshi la anga. Huwezi kumwelewa Fisher wa baadaye bila kuisoma siku hiyo. Baba amekufa vitani, ndugu amekufa vitani, na yeye amebaki akijiuliza nchi waliyoifia itakuwa nchi ya namna gani.

Jibu alilolipata lilifika kwa njia ambayo leo ingeonekana ya kubahatisha. Aprili 1945 jarida la Reader's Digest lilichapisha muhtasari wa kitabu cha Friedrich Hayek, mwanauchumi mzaliwa wa Austria aliyekuwa akifundisha London School of Economics. Kitabu kilionya kwamba serikali inayojitwika kupanga uchumi wote itaishia kuwapangia watu maisha yao, hata kama ilianza kwa nia njema. Fisher aliusoma muhtasari huo, akaona umesema yaliyokuwa yakimsumbua. Uingereza wakati huo ilikuwa inaelekea upande mwingine kabisa. Mwaka huohuo chama cha Labour kilishinda uchaguzi, na katika miaka mitatu iliyofuata Benki Kuu, migodi ya makaa ya mawe na reli vyote vikawa mali ya serikali.

Akamfuata Hayek chuoni. Alitaka ushauri, na tayari alikuwa na jibu lake mfukoni: agombee ubunge. Hayek akamkatisha tamaa. Mwanasiasa, alimweleza, hufuata maoni ambayo jamii imekwisha kuyakubali. Hana nafasi ya kuyaanzisha. Wanaoyaanzisha ni wasomi, na wanaoyasambaza ni walimu, waandishi wa habari, wahubiri na watangazaji, watu wanaochukua fikra za wengine na kuzifikisha kwa umma. Ukitaka kubadili sera za nchi baada ya miaka ishirini, wafikie hao leo. Wabunge watafuata wenyewe.

Nimesoma maelezo ya mkutano huo katika vitabu kadhaa na kila mara najiuliza ni wangapi miongoni mwa matajiri wetu wangeukubali ushauri wa aina hiyo. Kugombea kunaleta msafara, bendera kwenye gari na jina kwenye mabango. Fisher aliambiwa aache yote hayo, atafute fedha, kisha asubiri kwa muda ambao huenda asingeuona mwisho wake. Akakubali.

Tatizo lilikuwa kwamba fedha zenyewe hakuwa nazo. Alirudi kwenye shamba lake la Newplace, Sussex, akafuga ng'ombe hadi ugonjwa wa miguu na midomo ulipoliangamiza kundi lake. Mwaka 1952 alisafiri kwenda Marekani, kwa sehemu ili kuona Foundation for Economic Education, taasisi ya soko huria iliyokuwa nje kidogo ya jiji la New York. Huko alikutana na F. A. Harper, aliyewahi kuwa profesa wa Cornell, na Harper akampeleka kwa wataalamu wa kilimo wa chuo hicho. Walimwonyesha banda moja lenye kuku 15,000.

Mfugaji yeyote wa Kibaha au Thika atajua kilichomshangaza. Kuku wa Uingereza walikuwa bado wanachakura uani, wachache kwa kila shamba, na nyama yao ilipatikana jogoo anapozeeka au tetea anapoacha kutaga. Kwenye banda la Cornell kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya nyama tu: aina ya kifaranga, joto, taa, chakula kinachopimwa, matandazo sakafuni, chanjo, na hesabu ya wiki hadi siku ya kuchinja. Faida ya ndege mmoja ilikuwa ndogo sana. Faida ya maelfu, kila baada ya wiki chache, ilikuwa kubwa. Fisher alirudi nyumbani akaanza na vifaranga vichache, akaipa kampuni jina la kijiji cha jirani, Buxted, na katika muda mfupi akawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kuku wa nyama nchini mwake. Mwaka 1968 kampuni iliuzwa kwa takriban pauni milioni 21.

Broila hao walikuwa na gharama yao. Mwaka 1964 mwandishi Ruth Harrison alitoa kitabu, Animal Machines, kilicholaani ufugaji wa kuwabana wanyama ndani kama vipuri vya kiwandani, na malalamiko yake yaliilazimisha serikali ya Uingereza kuunda tume ya uchunguzi. Hoja ya Harrison naiona ina uzito hadi leo. Lakini ni kweli vilevile kwamba mama wa nyumba ya wafanyakazi kule Leeds au Glasgow alipata kuku kwa bei ambayo mama yake hakuwahi kuiota, na hilo halikufanywa na wizara yoyote. Fisher aliliona kuwa ushahidi wa imani yake kwa macho ya kila mtu.

Taasisi yenyewe ilianza kwa unyonge. Fisher na mwenzake Oliver Smedley walisajili IEA Novemba 1955. Chapisho la kwanza lilikwisha kutoka miezi kadhaa kabla, kitabu chembamba cha George Winder kilichodai kwamba pauni iachwe ibadilishwe kwa uhuru na fedha nyingine yoyote. Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Henry Hazlitt, alikisifia katika jarida la Newsweek, na nakala 2,000 zikaisha. Mwaka 1957 Fisher alimwajiri Ralph Harris, mtoto wa familia ya kawaida ya London aliyewahi kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha St Andrews, awe mkurugenzi. Muda si mrefu akajiunga Arthur Seldon, yatima aliyelelewa katika mitaa ya Wayahudi maskini ya mashariki mwa London, awe mhariri.

Hao wawili ndio walioifanya IEA. Harris alikuwa mzungumzaji, mtafuta fedha, mcheshi wa mezani. Seldon alikuwa mkali wa kalamu. Mswada wa profesa ulirudi umejaa wino hadi ukasomeka na mtu asiye na shahada. Waliwaambia waandishi wao waifuate hoja hadi mwisho bila kujiuliza kama inawezekana kisiasa. Kuhusu kinachowezekana, walisema, hao wanasiasa watajua wenyewe. Fisher hakuwaingilia. Alitoa fedha, akawatafutia wafadhili wengine, akarudi kwa kuku wake. Katika nchi ambazo mwenye fedha hutaka pia kuandika hotuba, hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini.

Angalia namna kazi ilivyofanyika kwa mfano mmoja. Wakati huo kiwanda cha Uingereza kiliweza kumpangia mwenye duka bei ya kuuzia, na mwenye duka aliyethubutu kupunguza alinyimwa bidhaa. Mwaka 1960 IEA ilichapisha kijitabu cha profesa Basil Yamey kikionyesha jinsi mnunuzi anavyoumizwa na utaratibu huo. Kilitumwa kwa waandishi wa magazeti, kikajadiliwa, kikaombewa majibu, kikachapishwa tena. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha sheria ya kuuvunja utaratibu, na maduka makubwa yakaanza kushindana kwa bei. Miaka minne. Hakukuwa na maandamano wala kampeni, na jina la Fisher halikutajwa popote.

Vita vikubwa vilichukua muda mrefu zaidi. Miaka ya 1960 na 1970 vyama vyote viwili vya Uingereza viliamini katika mipango ya serikali, na watu wa IEA walichukuliwa kama wazee wanaoota karne iliyopita. Enoch Powell na Geoffrey Howe walikuwa miongoni mwa wanasiasa wachache waliobisha hodi. Kisha mambo yakaharibika. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 24 mwaka 1975, na mwaka uliofuata Uingereza ilikwenda kukopa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kama nchi changa. Baada ya chama cha Conservative kushindwa uchaguzi mwaka 1974, mwanasiasa wake Keith Joseph alikuwa ameanza kujisomesha upya kwa machapisho ya IEA, na aliyekwenda naye bega kwa bega alikuwa mwanamama aliyewahi kuwa waziri wa elimu, Margaret Thatcher. Walipofungua milango ya serikali Mei 1979, majibu yalikuwa yamekwisha andikwa na yamepangwa kwenye rafu. Milton Friedman, mshindi wa Nobel ya uchumi, alisema baadaye kwamba mgeuko wa sera za Uingereza ulitokana na Fisher kuliko mtu mwingine yeyote.

Oktoba 23, 1979, Howe, sasa waziri wa fedha, alifuta vizuizi vyote vya fedha za kigeni. Vilikuwa vimedumu tangu 1939. Kati ya 1966 na 1970 Mwingereza anayekwenda likizo nje hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya pauni 50 za matumizi. Kitabu chembamba cha Winder kilikuwa kimesubiri miaka 24.

Sisi nasi tulingoja. Aliyeishi Tanzania ya miaka ya mwanzo ya 1980 anakumbuka kwamba kukutwa na dola ilikuwa kesi, kwamba sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na kwamba mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi uliwafanya watu watupe bidhaa mitoni na vichakani usiku. Mwalimu Nyerere aliwahi kuuliza, Januari 1980, ni lini IMF ilifanywa wizara ya fedha ya dunia, na swali lake lilikuwa la haki. Mzee Mwinyi alitia saini makubaliano na IMF mwaka 1986, ruksa ikaanza, na mwaka 1992 sheria mpya iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha. Kenya iliifuta sheria yake ya udhibiti mwaka 1995. Fisher hakuhusika moja kwa moja na maamuzi hayo, na itakuwa kumpa sifa isiyo yake kusema vinginevyo. Lakini wataalamu waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa wamekulia katika hali ya hewa ambayo watu wake waliichangia sana. Peter Bauer, profesa wa London aliyeandikia IEA, alikuwa akidai tangu miaka ya 1950 kwamba bodi za mazao za Afrika zinamnyonya mkulima zinayedai kumlinda, na kwamba misaada ya nje huzineemesha serikali kabla ya kumfikia maskini. Mkulima wa pamba aliyekaa miezi bila malipo hakuhitaji kumsoma Bauer ili amwelewe.

Nisiishie hapo, maana upande wa hasara nao ni sehemu ya habari. Uingereza ya Thatcher ilifikisha watu zaidi ya milioni 3 wasio na kazi mwaka 1982, na miji iliyojengwa juu ya migodi na chuma haijapona hadi leo. Kwetu, ada za shule na za hospitali ziliwarudisha watoto nyumbani, hadi Tanzania ilipofuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001 na Kenya ikafuata mwaka 2003, madarasa yakafurika. Viwanda kadhaa vilibinafsishwa vikageuka maghala. Naamini Fisher alikuwa sahihi kuhusu kuku, kuhusu bei za madukani na kuhusu dola. Siamini kwamba darasa la kwanza linaweza kuachiwa soko.

Akiwa na fedha za Buxted mkononi, Fisher alifanya jambo ambalo marafiki zake wengi wasingelifanya. Aliwekeza katika ufugaji wa kasa wa kijani kwenye kisiwa cha Grand Cayman, Karibiani. Wazo lilikuwa la mtu yuleyule wa banda la Cornell: kasa wanawindwa hadi kuisha kwa sababu hawana mwenyewe, wakifugwa, nyama na magamba yatatoka shambani na wale wa baharini watapumua. Mayai yalikusanywa kwenye fukwe za nchi nyingine, yakaanguliwa, kasa wakakua kwa maelfu ndani ya matangi. Watetezi wa mazingira walipinga vikali, wakihofia kwamba biashara halali ya kasa wa kufugwa itaficha biashara haramu ya wale wa porini, na Marekani, soko lililotegemewa, ikaelekea kulifunga kwa sheria. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ilianguka, na utajiri wa kuku ukaenda nayo.

Alikuwa na miaka karibu sitini. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana hakuwa tena na fedha za kumwaga na bado alikuwa na kazi aliyoijua. Mwaka 1975 alikwenda Vancouver kuisaidia Fraser Institute, iliyokuwa changa, pamoja na mwanauchumi kijana Michael Walker. Leo taasisi hiyo ndiyo inayotoa orodha ya kila mwaka ya uhuru wa kiuchumi wa nchi za dunia, ile ambayo mawaziri wetu huinukuu inapowapendeza. Mwaka 1978, jijini New York, alikuwa mwanzilishi pamoja na William Casey, baadaye mkuu wa CIA, wa taasisi iliyokuja kuitwa Manhattan Institute. Mjini Sydney alimkuta mwalimu wa hisabati, Greg Lindsay, akiendesha taasisi yake kwa fedha za kuunga-unga, akamsaidia kupata wafadhili. Alioa mara ya pili, akahamia San Francisco katika jengo walimoishi akina Friedman, akafungua taasisi nyingine. Barua zilimjia kutoka kila pembe, watu wakiuliza wanaanzaje. Mwaka 1981 aliunda Atlas, shirika la kujibu barua hizo. Linao leo washirika zaidi ya 500 katika nchi takriban 100.

Mmoja wa waliofaidika na ushauri wake alikuwa Hernando de Soto wa Peru. Fisher alimweleza jinsi ya kuunda taasisi, kuiongoza na kuipatia fedha, na de Soto mwenyewe amelisema hilo hadharani. Taasisi yake, ILD, ilifanya jaribio lililompatia umaarufu. Watafiti walijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo pembezoni mwa Lima, bila rushwa pale ilipowezekana kuiepuka, wakifuata kila kanuni. Iliwachukua siku 289. Tangu hapo de Soto amekuwa akisema kwamba maskini wana mali nyingi, nyumba na mashamba na vibanda vya biashara, ila haina karatasi, na mali isiyo na karatasi haiwezi kukopewa.

Rais Mkapa aliisikia hoja hiyo, akamwalika. Mwaka 2004 ukazaliwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, MKURABITA, kwa msaada wa fedha za Norway. Watu wa ILD walizunguka nchi na kuhitimisha kwamba asilimia 98 ya biashara zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Vijiji vikapimwa, masjala za ardhi zikajengwa, wakulima wakapewa hati za haki miliki za kimila chini ya sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999.

Hati hizo zimefanya kazi yake nzuri katika jambo ambalo de Soto hakulipigia sana debe: migogoro ya mipaka. Jirani anayeona namba ya kiwanja, ramani na mhuri wa kijiji hufikiri mara mbili kabla ya kusogeza kigingi, na mjane mwenye jina lake kwenye karatasi ana la kusema mbele ya mashemeji. Mkopo ni habari nyingine. Benki nyingi zimekuwa zikisita kuipokea hati ya kimila, kwa sababu wanajua ugumu wa kumuuzia mgeni shamba la ukoo katikati ya kijiji, na wanajua mahindi yanategemea mvua. Kasoro hiyo ingeonekana mapema kama mpango ungeanza na maswali ya wakulima wa Handeni au Bagamoyo badala ya majibu yaliyopikwa Lima. Sisemi fikra ya kigeni ikataliwe mlangoni. Nasema tungekuwa na watu wetu wa kuihoji, wenye mshahara wa kuihoji, kabla haijawa mpango wa taifa.

Kuna jambo moja katika urithi wa Fisher linalonikera, nalo lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1955 Smedley alimwandikia barua akimshauri kwamba maandishi ya taasisi yasionyeshe kabisa kuwa wana mwelekeo wa kisiasa, wapinzani wasije wakatilia shaka nia yao ya hisani. IEA imesajiliwa kama shirika la hisani la elimu, lakini kwa miongo mingi haikuwaambia wasomaji wake nani anailipa. Baadaye ikajulikana kwamba makampuni ya sigara na mafuta yalikuwa miongoni mwa wafadhili, wakati taasisi hiyo ikiandika dhidi ya masharti yanayoyabana. Katika tathmini za uwazi wa taasisi za sera nchini Uingereza, imekuwa ikipewa alama za chini kabisa. Hoja nzuri haigeuki mbaya kwa kulipiwa na mwenye kiwanda cha sigara. Lakini msomaji anayenyimwa jina la mlipaji amenyimwa kipimo, na taasisi inayohubiri uhuru wa mtu kuchagua ingekuwa ya kwanza kumpa.

Liz Truss alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza Septemba 2022, wengi walimwona kama mtoto wa nyumba hiyo. Bajeti yake ndogo ya tarehe 23 mwezi huo, ya kupunguza kodi kwa fedha za kukopa, iliiporomosha pauni hadi kiwango cha chini ambacho hakijawahi kuonekana dhidi ya dola, na waziri mkuu akaondoka baada ya siku 49. Harris na Seldon walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka ishirini wakiboresha hoja. Wafuasi wao walitaka yote kwa wiki moja.

Fisher hakuyaona hayo. Alitunukiwa cheo cha Sir Juni 1988, wiki chache kabla ya kufa San Francisco tarehe 8 Julai, akiwa na umri wa miaka 73.

Afrika Mashariki inao watu walioshika njia inayofanana na yake. James Shikwati, aliyekuwa mwalimu wa sekondari Kenya, alianzisha Nairobi mwaka 2001 taasisi ya IREN, na mwaka 2005, viongozi wa mataifa tajiri walipokuwa wakijiandaa kukutana Scotland kuzungumzia kuongeza misaada kwa Afrika, aliliambia jarida la Kijerumani la Der Spiegel kwamba misaada hiyo ikomeshwe. Wengi walimkasirikia, wengi zaidi walilazimika kumjibu, na mjadala, angalau mara hiyo, ukawa wa Waafrika. Nairobi kuna pia Institute of Economic Affairs, ya mwaka 1994, yenye jina lilelile la taasisi ya Fisher, ambayo kwa miaka mingi imewasomesha Wakenya bajeti yao kwa lugha nyepesi. Dar es Salaam tunazo REPOA na ESRF, zenye watafiti hodari.

Ukifungua ripoti za taasisi za namna hii katika ukanda wetu, ziwe za soko huria au za mrengo mwingine, utakuta sehemu kubwa ya fedha imetoka Stockholm, Oslo, The Hague au Washington. Wafadhili hao hutajwa kwa majina, na hilo ni bora kuliko ilivyokuwa IEA. Ambaye hatajwi, kwa sababu hayupo, ni mfugaji wa kuku wa Kibaha, mwenye mabasi wa Ubungo, msagishaji wa unga wa Mbeya, chama cha ushirika cha kahawa cha Kagera. Hao ndio Muswada wa Fedha unaowagusa kila Juni, na wengi wao huusikia redioni ukiwa umekwisha pita. Buxted ilikuwa bado biashara changa ilipoanza kulipia dawati na mashine ya chapa. Wafanyabiashara watano wa Kariakoo wanaoamua kumlipa mchumi mmoja mzuri kwa miaka kumi, majina yao yakiandikwa ukurasa wa kwanza wa kila ripoti, wangekuwa na mtu wa kuusoma muswada huo Aprili, wakati bado unaandikika.